Kioo Chenye Weusi wa Kweli

Kilichomkera kwanza ni kichwa chake mwenyewe.

Alikuwa ameketi mezani pake asubuhi, kompyuta mpya imefunguliwa lakini haijawashwa, na katika kioo chake kilichong'aa kama maji ya kisima alijiona: kitambaa cha kichwani, mabega, kidevu. Ila kichwa kilikuwa kimelala upande wa kushoto, kama cha mtu anayesikiliza mlangoni. Akakinyoosha. Alihisi kabisa shingo imenyooka. Kile cha kwenye kioo kikabaki vilevile kwa muda wa kuvuta pumzi moja, ndipo nacho kikanyooka, taratibu, bila haraka.

"Vioo vya siku hizi navyo," akasema, akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Ofisini walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya shule, na sifa yake ni kuona nukta iliyokaa kombo kabla hujamaliza kumfungulia ukurasa. Sifa hiyo ilimjengea jina, na jina lilimjengea uadui mdogomdogo, maana mtu anayeona kombo la nukta huona pia kombo la chai, la kiti, la mlango unaolia na la bosi. Hakuwa mchoyo wa kusema. Kulalamika kwake kulikuwa kama kupumua. Walioishi naye walishazoea, na baadhi yao, bila kujua, walikuwa wanategemea malalamiko hayo. Jicho asipolalamika, walijua kitu kiko sawa.

Kompyuta mpya alizilalamikia tangu zilipofika.

Bosi alizinunua kwa moyo safi, tusimwonee. Ujanani alipanga kurasa kwenye mashine yenye kioo kilichofifia kama jicho la samaki wa jana, akarudi nyumbani kila jioni kichwa kikimpasuka, akaapa kwamba akiwa na uwezo, watu wake hawatateswa hivyo. Basi alipokuwa na uwezo aliwakusanya, akafungua boksi la kwanza kama anafunua uso wa bibi harusi.

"Hizi ni OLED," alisema, akilitamka "oledi", kwa heshima ya mtu anayemtaja mkwe aliyesoma. "Tazameni huo weusi. Huo ndio weusi wa kweli! Kioo cha zamani, hata kikionyesha cheusi, nyuma yake taa inawaka, kwa hiyo mnachoona ni kijivu. Hiki kimejaa vitone, na kila kitone kinajiwashia mwanga wake. Penye weusi, kitone kimezimwa. Hapana taa. Hapana kitu."

"Bosi," Jicho akasema, "sisi tunapanga karatasi nyeupe. Kutwa nzima ni nyeupe. Huo weusi wa kweli tunautakia nini?"

Watu wakacheka. Mhariri, jirani yake wa meza, mzee wa miwani mbili ambazo moja haionekani ilipo, akasema, "Mwache Jicho. Huyu hata akipelekwa peponi atauliza nani kapanga viti."

Lakini hakuwa amekosea, na kuwa na haki pasipo wa kukusikia ni ugonjwa wa peke yake. Kurasa nyeupe zilikula betri kama moto unavyokula nyasi. Kabla ya adhuhuri kila mtu alikuwa anagombania soketi. Kioo kiling'aa mno, kikarudisha kila dirisha, kila balbu, kila shati jeupe lililopita nyuma yako. Dawa ya Bosi ikawa kufunga mapazia. Mapazia mazito, ya kahawia, yakafungwa asubuhi na kufunguliwa na mfagiaji jioni, na watu wenye madirisha manne wakafanya kazi kama waliomo ndani ya mtungi. Mwanga wa kioo ukipunguzwa, kulitoka mlio mwembamba, mwembamba kuliko wa mbu, ambao vijana hawakuujali na wazee hawakuusikia. Jicho aliusikia. Ulimwingia kwenye meno.

Kisha akaona kivuli.

Alikuwa kwenye kitabu cha hesabu, sura ya kugawanya, ukurasa mweupe wenye picha ya chungwa lililokatwa. Katikati ya weupe palikuwa na doa la kijivu, hafifu, kama mtu ameegemeza kichwa chenye mafuta kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Akapangusa kwa kitambaa. Likabaki. Akasogeza ukurasa, chungwa likaenda, doa halikwenda. Akarudi nyuma kidogo kwenye kiti, akafinya macho, na hapo akaliona umbo lote: kichwa na mabega. Kichwa kimelala kushoto.

Akamwita fundi wa kompyuta, ambaye ofisi nzima ilimwita Zima-Washa kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa.

"Umeizima ukaiwasha?" akauliza kabla hajafika mezani.

"Fundi, siku moja utaulizwa hilo swali kaburini."

"Nitajibu ndiyo." Akainama, akatazama, na mzaha ukamtoka usoni. "Mm. Hii ni kuchakaa kwa vitone, dada. Kitu kikikaa palepale kwa muda mrefu bila kusogea, vitone vya pale vinachoka kuliko wenzao, kinabaki kivuli. Mara nyingi ni ule mstari wa vitufe wa chini. Hivi vioo raha yake ni filamu, picha inakimbia. Ofisini, ukurasa mmoja unakaa kutwa... Nilimwambia Bosi."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nina wivu."

"Sawa. Lakini mstari wa vitufe uko chini. Hiki ni kichwa cha mtu."

"Labda uliacha picha ya mtu imekaa."

"Sijaacha."

"Basi ni sura yako, kioo kinang'aa."

"Sura yangu inaangukia juu, Fundi. Haiwaki. Wewe mwenyewe umesema kitone kinachoka kwa kuwaka. Sasa ni nani aliyekuwa anawaka humo ndani, akakaa bila kusogea mpaka akaacha alama?"

Zima-Washa alikuna shingo, akatazama mapazia, akatazama saa yake isiyokuwa na haraka yoyote. Mwishowe akasema lile ambalo fundi yeyote mwenye akili angelisema, na ambalo baadaye alilijutia: "Kipumzishe kioo. Weka kila kitu cheusi. Mandhari nyeusi, vitufe vyeusi, hata ukurasa wenyewe ugeuze, maandishi meupe juu ya cheusi. Kitone kilichozimwa hakichoki."

Jicho alikwenda kwanza kwa Bosi kuomba arudishiwe kompyuta yake ya zamani. Bosi alimsikiliza kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko ukali. Za zamani zilishagawiwa. Kitabu cha hesabu kilikuwa kinangojwa na wachapaji. "Wewe ndiye mwenye macho kuliko sote," alimwambia. "Ukizoea, hutaki kingine."

Basi akarudi mezani, na kwa hasira ya mtu anayetii, akafanya kila kitu kuwa cheusi.

*

Nyumbani aliishi na mama mdogo, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utotoni. Shingo ilikuwa imeanza kukaza. Mama mdogo akampaka mafuta, akimkanda kwa vidole gumba vyenye nguvu ya kukamua nazi.

"Umelala vibaya?"

"Kazi, mama mdogo. Zile laptopu za Bosi."

"Zile ulizosema ni nyeusi sana?"

Akamweleza yote: mlio, mapazia, kivuli, kichwa kilichochelewa kunyooka. Alieleza kwa kulalamika, kama anavyoeleza kila kitu, kwa hiyo ilichukua muda kabla mikono ya mama mdogo haijasimama.

"Mwanangu, jini hapendi giza la kawaida. Giza la kawaida lina nyota, lina taa ya jirani, lina paka. Anatafuta pale pasipo na kitu kabisa, na hapo mahali siku hizi ni pagumu kupapata." Akaendelea kukanda. "Ninyi mmemnunulia. Tena mmepewa na risiti."

Jicho akacheka. Mama mdogo hakucheka.

"Na jana nilikuita uje kula. Nilikuita mpaka nikachoka. Ulikuwa umekaa na hicho kidude magotini, kimezimika, nawe unakitazama. Hupepesi macho. Nikasema labda unafikiri."

"Jana? Jana sikukileta nyumbani."

"Ulikileta," mama mdogo alisema kwa sauti ndogo. "Kiko chini ya kitanda chako."

*

Yaliyotokea siku iliyofuata yalitokea mchana, katika ofisi yenye watu saba, na hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye, maana mtu hujiandaa kwa usiku lakini nani hujiandaa kwa saa sita mchana?

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mhariri alikuwa akisoma kwa kunong'ona nyuma yake. Jicho alikuwa anatafuta kosa katika mstari mmoja, mkono wake juu ya kipanya, na kioo, kwa kuwa hakikuguswa kwa muda, kikajizima. Akaona weusi. Alitaka kusogeza kipanya ili kiwake, na akaagiza mkono usogee, kama watu wote wanavyoagiza mikono yao bila kujua kwamba wanaagiza, na mkono haukusogea.

Ndipo akasikia harufu, ya unywele ulioungua, hafifu, ikitoka kwenye vitufe, na ule mlio mwembamba ukaanza ingawa kioo kilikuwa kimezimwa na hakikuwa na mwanga wa kulia nao, na ndani ya ule weusi akajiona ameketi, kitambaa kichwani, mabega, kidevu, ila yule wa ndani shingo yake ilikuwa imenyooka vizuri, shingo ya mtu aliyelala akaamka, na ya kwake yeye ilikuwa imelala kushoto na imekaza kama mti, na alipojaribu kuinyoosha, yule wa ndani akamtazama kama unavyomtazama mtoto anayevuta mlango wa kusukuma. Kisha yule wa ndani akainua mkono, mkono ambao Jicho hakuuinua, akarekebisha kitambaa chake mbele ya paji la uso, akapepesa macho, mara moja, mara nyingine, kwa starehe, na Jicho ambaye macho yake yalikuwa yamekauka na kuanza kuuma akaelewa kwamba yule anajifunza, kwamba siku zote hizi aliyekuwa akikaa bila kusogea mpaka akaacha alama alikuwa anasubiri tu abadilishane zamu na mtu mwingine wa kukaa.

Alitaka kupiga kelele. Nyuma yake Mhariri alikuwa anasema, "Sasa hii miwani yangu imekwenda wapi? Jicho, wewe unayeona kila kitu..." Hakuweza hata kumtukana.

Mhariri, kwa kukosa msaada, akavuta pazia atafute miwani kwa mwanga wa jua.

Mwanga ukaingia kama maji ya ndoo. Mkono ukaruka, kipanya kikaanguka, Jicho akapumua kwa sauti iliyowageuza watu wote. Macho yalipepesa yenyewe, yakatoa machozi. Lakini shingo ilibaki pale pale.

"Funga hilo pazia," mtu akasema kutoka upande wa pili. "Kioo changu kimejaa dirisha!"

*

"Nami nilimwona," Zima-Washa alinong'ona. Walikuwa kwenye chumba cha vyombo vyake, kati ya nyaya na mashine zilizokufa. "Siku ile ulipouliza ni nani aliyewaka ndani. Alinitazama. Nikasema nikikwambia utaniona mwehu."

"Kwa hiyo ukaniambia nimwongezee giza."

"Nilijidanganya kwamba ni kioo tu. Nisamehe, dada."

Hakuwa na nguvu ya kumgombeza. Shingo ilimvuta hadi begani, na bega nalo lilikuwa limeanza kuwa zito, na alijua kwa hesabu rahisi kwamba baada ya bega ni mkono, na baada ya mkono ni pumzi. "Ivunje."

"Ukivunja nyumba, mwenye nyumba anakwenda wapi? Atakwenda pale alipokwisha kuweka mguu." Akamtazama shingoni, akatazama pembeni haraka. "Kuna kitu kimoja. Kioo hiki kina usafishaji wake wenyewe, uliowekwa na waliokitengeneza, kwa ajili ya vivuli. Unakiunganisha na umeme, unakiacha wazi, hakuna anayekigusa. Kinapitisha mwanga kutoka juu mpaka chini, kitone kwa kitone. Kivuli kinaondoka. Nimeshawafanyia watu."

"Watu wenye vivuli vya vitufe."

"Ndiyo," akakubali. "Vya vitufe."

Walifanya palepale. Zima-Washa aliunganisha waya, akanong'ona dua aliyofundishwa na bibi yake, akaanzisha usafishaji, wakakaa sakafuni mgongo kwa mgongo bila kujua nani anamlinda nani. Kioo kikawa cheusi, weusi ule wa Bosi, kisha juu kabisa ukatokea mstari wa mwanga, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukaanza kushuka. Harufu ya unywele ikajaa chumbani. Mlio ukapanda, ukapanda, mpaka Zima-Washa ambaye hakuwahi kuusikia akaziba masikio, na katika kioo kile kichwa kilichosimama wima kikaonekana kikikandamizwa na ule uzi, kikishuka mbele yake, paji, macho, mdomo ambao ulikuwa umefunguka na kusema jambo bila sauti, mabega, kama mtu anayezamishwa polepole na mkono usio na haraka, mpaka uzi ukafika chini na hapakuwa na kitu.

Shingo ya Jicho ikalia, ko. Ikanyooka.

Alilia kwa furaha. Zima-Washa akafungua ukurasa mweupe, na ulikuwa mweupe sawasawa, pembe mpaka pembe, bila doa. Jicho aligeuza kichwa kulia, kushoto, kulia, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. Hata Bosi alipopita mlangoni, akaona kioo kilichotakata, akasema, "Si niliwaambia? Mkizoea, hamtaki kingine," Jicho alimjibu tu, "Ni kweli, Bosi."

Zima-Washa aliinua kichwa, akamwangalia kidogo. Akadhani ni uchovu.

*

Jioni mama mdogo alimgusa shingo na hakukuta fundo. Aligusa bega, mgongo, mkono. Kote kulikuwa laini, na kote kulikuwa namna moja. Alikwenda jikoni kuchemsha chai.

Simu ikalia. Ni Zima-Washa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi peke yake na mlango amefunga.

"Dada, uko salama?"

"Niko salama."

"Nimekaa nikasoma vizuri maelezo ya ule usafishaji. Sikuwahi kuyasoma mpaka mwisho, tazama ujinga wangu. Dada, haufuti kitu. Kitone kilichochoka hakirudi tena. Unachofanya ni kuvichakaza vile vizima. Unavichakaza vyote, mpaka vilingane na kivuli. Ndiyo maana kivuli hakionekani. Hakikutoka. Kimeenea. Dada? Unanisikia?"

Jicho alimsikia. Alitafuta hofu mahali ambapo hofu hukaa, chini ya mbavu, na akakuta pale ni sawa na kwingine kote, tambarare na tulivu. Mahali fulani, mbali sana, kama nyuma ya dirisha la jengo la mtaa wa pili, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anapiga kioo kwa viganja viwili.

"Nakusikia," mdomo wake ukasema. "Asante kwa kazi nzuri, Fundi."

Mama mdogo akaleta chai, akaketi mbele yake. Alikuwa ameitia chumvi. Alikuwa ametia vijiko kadhaa, na alikuwa ameiacha ipoe mpaka juu pakafanya utando, kisha akaimimina katika kikombe chenye ufa, kile ambacho Jicho alikuwa amekilalamikia mwaka mzima. Akamsogezea, akangoja atukanwe.

Yule mwanamke wa mbali alionja chumvi. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote kwamba chai hii hainyweki, kwamba kikombe hiki kilipaswa kutupwa zamani, mama mdogo, nisikie, mama mdogo!

Jicho alikunywa mpaka chini. Akaweka kikombe mezani bila kishindo.

"Tamu sana," akasema. "Niongeze."

Mama mdogo aliinuka, akachukua kikombe kwa ncha za vidole. Alipofika jikoni hakugusa birika. Alifungua mlango wa nyuma, akatoka bila viatu, na akaendelea kutembea.